Maswali ya Wasomaji: Mtoaji Ajifiche, Daftari Lionekane

Barua nyingi za mwezi huu zimekuja na jambo moja, na sishangai, maana Shaabani imeingia na kila mtaa wa Unguja na Pemba unajipanga kwa Ramadhani. Kwa wasionijua, nimesomesha hesabu skuli za Pemba mpaka nikastaafu, naishi Wete, na mtaani kwetu mimi ndiye ninayeshika daftari la vyombo vya shughuli na la michango ya wanawake. Fat'wa nawaachia masheikh. Ya dini nitakayoyataja ni yale tuliyosomeshwa chuoni kwa madhehebu yetu ya Shafi, na mengine ni ya kuishi na watu.

Picha za wanaopewa futari

*Assalaamu alaykum Mwalimu. Mimi ni kijana wa Michenzani. Kila Ramadhani kikundi chetu kinakusanya fedha kwa ndugu zetu walioko Muscat, Dubai na Uingereza, tunanunua mchele, unga, sukari, mafuta na tende, tunawagaia wajane na wazee. Wanaotuma fedha wanataka picha za watu wakipokea. Mwaka jana bibi mmoja tuliyempiga picha alionekana na mkwewe kwenye simu, na mwaka huu ametwambia jina lake tulifute. Wenzangu wanasema tukiacha picha fedha hazitokuja. Tufanyeje?*

Wa alaykum salaam mwanangu. Kwanza mrudieni huyo bibi. Aende mmoja wenu, tena awe msichana, ampelekee salamu, amtake radhi, na siku hiyo asiende na mfuko wowote mkononi. Picha yake ifuteni kila mlikoiweka, na mliowatumia waombeni waifute.

Nasema hivi kwa kuwa nawajua wazee wetu. Mwanamke aliyelea watoto kwa kusuka ukili na kupika mikate ya kumimina hakuufikia uzee wake kwa kuomba. Ukimsimamisha mbele ya bango, mfuko wa unga mikononi, kanga ameivuta mpaka kwenye paji la uso, umewaonyesha wakwe, wajukuu na mashoga zake hali ambayo yeye ameisitiri miaka. Katika sura ya Al-Baqara zimo aya tatu za kuwatosha. Aya ya 264 inatukataza kuziharibu sadaka zetu kwa masimbulizi na maudhi. Ya 271 inasema kuidhihirisha sadaka ni vyema, ila kuificha ukawapa mafakiri ni bora zaidi. Na ya 273 inawataja mafakiri ambao asiyewajua huwadhania matajiri kwa namna wanavyojizuia, watu wasiong'ang'ania kuomba. Bibi yenu ni wa aya hiyo ya 273. Mtu wa namna yake, akishapigwa picha mara moja, humpati tena. Atalala na njaa mlango ukiwa umefungwa na ninyi mtadhani mambo yake yamemnyookea.

Sasa hao wanaotuma fedha. Wana haki, tena haki kubwa. Mtu anafanya kazi ugenini, anakata katika mshahara wake, lazima ajue kwamba alichokitoa hakikuishia mfukoni mwa mtu. Lakini uso wa bibi hauthibitishi kitu. Mfuko mmoja unaweza kupigwa picha na mingine hamsini ikauzwa kwa mlango wa nyuma. Kinachothibitisha ni hesabu. Nunueni kwa muuzaji mmoja wa jumla, mchukue risiti yenye tarehe, mpige picha ya magunia yakiwa yamepangwa kabla hayajafunguliwa. Wekeni daftari la zilizoingia, zilizotumika na zilizobaki. Kila nyumba ipeni nambari, na orodha ya majina ikae kwa watu wawili tu, mmoja awe mwanamke, na wasiwe wa nyumba moja. Ugawaji ukimalizika, mtafuteni mtu asiye wa kikundi, imamu au sheha, achague mwenyewe nambari chache, aoneshwe nyumba zake, aende kimya kimya kuuliza kama vitu vilifika na vilikuwa kiasi gani, kisha atie saini yake. Ukurasa huo wa daftari ndio wa kupiga picha na kuutuma Muscat.

Mkitaka, nakilini maneno haya: "Ndugu zetu, mwaka huu hatutoleta picha za nyuso za watu, kwa sababu wapo waliokataa msaada kwa kuona haya. Badala yake tunakuleteeni risiti, hesabu kamili, na saini ya mtu aliyekagua ambaye hakuhusika na ununuzi. Anayetaka kukagua zaidi, akija nyumbani daftari liko wazi kwake." Mmoja wawili watakataa. Waacheni waende kwa salama. Wengi hawatokataa, kwa sababu mtoaji aliyekusudia thawabu haimpunguzii kitu asipouona uso wa mtu. Na kuna hadithi ya watu saba watakaokuwa kwenye kivuli cha Mwenyezi Mungu siku isiyokuwa na kivuli kingine, na katika hao yumo aliyetoa kwa mkono wa kulia, wa kushoto usijue.

Na ugawaji wenyewe, achaneni na foleni. Pelekeni nyumba kwa nyumba baada ya magharibi au watu wakitoka tarawehe, kwa mkoba wa kawaida usio na maandishi. Hapa kwetu hakuna anayegeuza shingo akimwona mtu na sinia limefunikwa kawa jua linapokaribia kuzama; ndiyo saa ya watu kupelekeana. Mchanganyikeni humo.

Ipo pia njia ambayo mimi naipenda kuliko zote. Nendeni kwa mwenye duka la mtaa, daftari lake la mikopo linajua siri za watu kuliko ninyi. Mwulizeni jumla ya deni la nyumba mnayoikusudia, mlipe, muondoke. Nimemwona kwa macho yangu mwenye duka akipitisha kalamu juu ya ukurasa mzima wa mama mmoja, sukari nusu, sabuni mche mmoja, unga kilo mbili, sukari robo, majani ya chai, huku mama mwenyewe amesimama dirishani akingoja kukopa mkate. Akamwambia, "Huna deni, limelipwa." Mama akauliza ni nani. Mwenye duka akasema hakumbuki. Akauliza tena, akajibiwa vile vile, basi akafungua ncha ya kanga, akatoa sarafu zake, mkate ule akaununua taslimu.

Waosha maiti wanatuishia

*Shikamoo Mwalimu. Naandika kutoka wilaya ya Mkoani. Kijijini kwetu waosha maiti wanawake wamebaki wawili, wote wazee, mmoja hawezi tena kuinama. Alipofariki shangazi yangu tulingoja mpaka alasiri ndipo mwoshaji akaletwa kwa gari kutoka kijiji kingine. Mimi ni mama wa watoto watatu, nataka kujifunza, lakini naogopa, na mume wangu anasema hiyo ni kazi ya vizee. Ni kweli?*

Marahaba mwanangu, na Mwenyezi Mungu amrehemu shangazi yako. Si kweli. Kuosha maiti, kumkafini, kumsalia na kumzika ni fardhi kifaya: wakifanya baadhi ya watu, wengine wote wamesalimika, wasipofanya, dhambi ni ya wote. Kwa hiyo siku ile mlipokuwa mnangoja gari, kila mwanamke mzima wa kijiji chenu alikuwa na sehemu yake katika kuchelewa kule. Umri hautajwi popote. Alipofariki binti wa Mtume, sala na salamu zimshukie, walioitwa kumwosha ni wanawake, akiwamo Ummu Atiyya, na ni yeye aliyetupokezea maelekezo tunayoyafuata mpaka leo: mwosheni mara tatu, au tano, au zaidi mkiona haja, kwa maji na majani ya mkunazi, maji ya mwisho mtie karafuu maiti, muanze upande wa kulia na viungo vya udhu. Nywele zake walizisuka mafungu matatu wakayaweka nyuma. Mumeo mwambie kwa upole kwamba kwa madhehebu yetu hata yeye anaruhusiwa kukuosha wewe ukimtangulia. Atanyamaza.

Hofu nayo tuizungumze, kwa sababu ndiyo inayowazuia wengi wanaosingizia mambo mengine. Hofu hupungua ukiwa na kazi ya kufanya. Usianze kwa kushika maiti. Mwambie yule mzee anayeweza bado kuinama kwamba safari ijayo utakuwa nyuma yake. Mara ya kwanza chota maji, uyapashe yawe ya uvuguvugu, utwange majani ya mkunazi. Mara nyingine shika shuka. Hili la shuka wanaojifunza hulidharau, na mimi naliona ndio moyo wa kazi yote: tangu mwanzo mpaka mwisho maiti hawi wazi. Wawili wanaishika shuka pande mbili, mwoshaji anapitisha mkono chini yake, mkono wenyewe umefungwa kitambaa au umevaa glavu, anaminya tumbo taratibu, maji yanashuka kwenye ufuo uliochimbwa chini ya kitanda, na kwa nyumba za siku hizi zenye vigae yanaelekezwa chooni. Sauti haipandi. Mwoshaji mzuri humgeuza maiti pole pole, mkono mmoja chini ya shingo, kama anavyogeuzwa mtoto aliyelala. Ukishayaona hayo mara kadhaa kwa karibu, utajikuta mkono wako umekwenda wenyewe.

Kisha jifunze kukata sanda. Mwanamke ana nguo tano: shuka ya kiunoni, kanzu, ushungi, na mbili za kumfunika mwili mzima. Bafta hupimwa kwa urefu wa maiti na kuongezwa ya kufunga kichwani na miguuni. Mwanafunzi anaweza kujifunza hili nyumbani kwa shuka kuukuu na mto. Wanawake wa darsa za alasiri hufanya hivyo, na kama msikiti wenu una darsa mwombeni maalim awatengee siku.

Lipo sharti moja kubwa kuliko ufundi: utakayoyaona chumbani hayatoki. Kovu, uvimbe, jino, rangi ya ngozi, chochote. Ukimwona mwoshaji anayesimulia, hata kama anasimulia mazuri, usijifunze kwake.

Na msiufanye mzigo huu wa watu watatu. Wasioweza kuosha wana la kufanya. Wanawake wa kijiji wachange kidogo kidogo wanunue sanduku, ndani yake mkae bafta ya kutosha, pamba, karafuu maiti, sabuni, glavu, udi, na mkunazi uliokaushwa. Sanduku likae nyumba inayojulikana na kila mtu, usiku na mchana. Msiba hauchagui saa, na mfiwa hapaswi kuhangaika kugonga maduka saa nane za usiku. Kilichotumika kiandikwe siku ile ile, na kirudishwe kwa ubani utakaotolewa au kwa mchango. Malipo ya kuosha hatuna desturi ya kuyadai. Mkipewa nauli, pokeeni.

Majina yanayosomwa Ijumaa

*Mwalimu, mimi ni kibarua wa ujenzi, nakaa Mwanakwerekwe. Msikiti wetu unajengwa upya. Kila Ijumaa baada ya sala mtu wa kamati anasoma majina ya waliochangia na kiasi walichotoa, wa laki wanaanza, wa elfu mbili wanamalizia. Mimi sasa nasali Ijumaa msikiti mwengine kwa aibu. Ninakosea?*

Mdogo wangu, rudi msikitini kwenu, na barua hii waoneshe kamati.

Kutoa mbele za watu si haramu. Walifika Madina watu wa kabila la Mudhar wakiwa karibu na uchi kwa ufukara, Mtume akawahimiza maswahaba, na mmoja katika Ansari akaja na mfuko mzito hata mkono wake unakaribia kushindwa kuubeba. Watu walipomwona wakafuatana, mpaka pakawa na marundo mawili ya chakula na nguo, na uso wa Mtume ukang'aa kwa furaha. Kwa hivyo anayesema majina yanahamasisha ana pa kushikia. Lakini yule alikuja kwa miguu yake. Hakuna aliyesimama na karatasi akipanga watu kwa vima.

Kisha someni sura ya At-Tawba aya ya 79. Walikuwapo watu wakiwacheka watoaji. Abu Aqil alileta nusu pishi ya tende, ndiyo aliyokuwa nayo, na mwengine akaleta zaidi. Wanafiki wakasema Mwenyezi Mungu hana haja na sadaka ya huyu, na yule mwengine ametoa kwa kujionesha tu. Aya ikashuka kuwakemea waliowabeza wanaotoa kwa wingi na wale wasiopata cha kutoa ila juhudi zao. Hizo juhudi zimetajwa ndani ya Qur-ani. Basi kibarua ana cha kutoa ambacho mwenye laki hana. Mtume mwenyewe alibeba matofali msikiti wake ulipojengwa Madina. Na mwanamke aliyekuwa akiufagia msikiti huo, alipofariki usiku, watu wakamzika bila ya kumwarifu Mtume, wakaona ni jambo dogo. Yeye akamkosa, akamuulizia, akataka aoneshwe kaburi, akamsalia pale pale.

Nenda kwa kamati uwaambie, Jumamosi nitakuwa nachanganya zege, au nitalaza matofali, chochote ukijuacho. Kisha waombe mambo mawili. Jumla ya fedha isomwe kila Ijumaa, imeingia ngapi, imetumika kwa nini, imebaki ngapi, bila ya kutaja jina la mtu. Na daftari liwe na ukurasa wa kazi. Mtaani kwetu upande mmoja tunaandika fedha, na upande wa pili tunaandika nani amepika, nani ameosha masufuria, nani amelala kwa wafiwa. Huo wa pili hatuusomi hadharani, ila unatusaidia kujua nani amechoka apumzishwe. Hesabu ya fedha tunaibandika mlangoni pa nyumba inapowekwa sinia na masufuria, anayetaka aisome. Tangu kuibandika, maneno ya chini chini yamepungua sana.

Mikarafuu ya wakfu

*Assalaamu alaykum. Babu yetu, huku Micheweni, aliweka wakfu shamba la mikarafuu kwa ajili ya msikiti na maalim wa chuo. Mikarafuu mingi imezeeka. Kamati inataka kuikata na kujenga fremu za maduka, wanasema kodi italipa zaidi. Sisi wajukuu tumegawanyika.*

Sayyidna Umar alipata ardhi Khaybar, hakuwahi kupata mali aliyoipenda kama ile, akamwendea Mtume kumtaka ushauri. Akaambiwa akitaka aizuie asili yake na mazao yake ayatoe sadaka. Ndivyo alivyofanya: haiuzwi, haitolewi zawadi, hairithiwi, na anayeisimamia hana ubaya akila kwa wema bila ya kujilimbikizia. Wakfu wetu wote umejengwa juu ya hapo. Ninyi wajukuu hamna fungu, na kamati nayo haina. Ni wasimamizi.

Alichokikusudia babu yenu ndicho kinachotangulia. Alisema shamba la mikarafuu, na faida iende kwa msikiti na maalim. Kubadilisha matumizi ya wakfu si jambo la kupiga kura barazani. Kwa sheria mwenye jukumu hilo ni Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Mpelekeeni hati ya wakfu, na kama haipo, mashahidi wakiwa bado hai, upesi. Suala la kisheria ya dini apelekewe Kadhi. Na mkarafuu kwetu haukatwi bila ya kibali, uwe wa wakfu au wa mtu.

Maoni yangu, kwa kuwa mmeniuliza: pandeni upya. Iliyokauka iondolewe kwa kibali, miche ipandwe kwenye mapengo, na iliyobaki ihudumiwe. Mkarafuu unataka kama miaka sita mpaka minane ndipo uzae, kwa hivyo wa kufaidi ni maalim ambaye huenda sasa hajamaliza skuli. Katika miaka hiyo maalim wa sasa asiachwe. Wajukuu mchangiane mshahara wake, hapo ndipo mgawanyiko wenu utakapopata kazi ya kufanya. Msimu wa kuchuma ukifika, hesabu ya pishi zilizochumwa, malipo ya wachumaji, na stakabadhi ya kilo zilizouzwa Shirika la Biashara la Taifa, vyote vibandikwe msikitini. Kamati isiyotaka kubandika msiiongezee muda.

Sinia la jirani

*Mwalimu, mimi ni Mkristo, nasali Mkunazini. Majirani zangu Waislamu huniletea futari tangu nihamie. Naona haya kupokea tu. Naweza kuchangia khitma yao au futari ya msikitini bila ya kuwaudhi?*

Unaweza, na hongera kwa kuuliza. Kwa futari ya nyumbani fuata desturi unayoijua: chombo hakirudi kitupu. Weka ndizi, weka sukari, weka maandazi uliyoyapika mwenyewe. Ukipika Krismasi wapelekee, ila kuku awe amechinjwa na Muislamu, uwaambie hivyo ili wale kwa raha. Kwa khitma au msiba, toa ubani kama wanavyotoa majirani wengine, au lete viti, au shika foleni ya maji; hakuna atakayekuuliza dini. Cha msikitini mwulize imamu kwanza, kila kamati ina utaratibu wake.

Upande wetu sisi jambo hili lina uzito. Mtume alisema Jibrili aliendelea kumuusia jirani mpaka akadhani atamfanya mrithi. Na swahaba Abdullahi bin Amr alipochinja kondoo nyumbani kwake, aliuliza kama wamempelekea jirani yao Myahudi, akauliza tena. Wanaokuletea sinia wanafuata hayo, kwa hivyo ukipokea umewasaidia.

Fitri kwa fedha

*Mwalimu, mwanangu yupo Chuo Kikuu, anasema fitri siku hizi inatolewa kwa fedha kupitia simu. Sisi tumezoea mchele. Ipi sahihi?*

Wanazuoni wa Hanafi wanaruhusu thamani yake. Kwa Shafi ni chakula kinacholiwa zaidi mahala hapo, na kwetu ni mchele, pishi moja kwa kila mtu wa nyumba, hata mtoto aliyezaliwa kabla ya jua la siku ya mwisho ya Ramadhani kuzama. Pishi ni vibaba vinne. Kwa mizani watu hukadiria kilo mbili na nusu mpaka tatu, na mimi napenda tatu kwa tahadhari. Mwanao aliye mbali anaweza kukutumia fedha, ukamnunulia mchele na kumtolea kwa niaba yake, hapo simu imefanya kazi nzuri. Toeni mchele mnaoula wenyewe. Usiwe ule wa chini ya gunia wenye mawe. Na mfikishieni mwenyewe kabla ya sala ya Idi. Kuichelewesha baada ya sala ni makuruhu, na jua la siku ya Idi likizama hamjaitoa bila ya udhuru, mna dhambi, na fitri bado mnadaiwa.